Miti ya Kivuli Imechanua

Tangazo kwa wote wenye macho: leo miti ya kivuli katika shamba la chai imetoa maua mekundu, na Bwana mwenye shamba ameamuru tufurahi.

Tukafurahi.

Kisha akatokea Mama Ouma, kwa miguu kutoka kule ziwani, kibuyu mkononi.

Ouma, mwanawe, alikufa hapa kwa homa, tukamzika kando ya chai. Mama alitaka udongo wa kaburi akauzike nyumbani, maana kwao mtu asiyerudi huwasumbua walio hai.

Nilimwambia tuliweka alama. Tulichomeka kijiti kibichi pale kichwani.

Halafu nikaanza kukohoa kwa aibu, maana habari haikuishia hapo.

Kijiti kilichipuka. (Mti huu hauna adabu, ukiuchomeka tu unaota.) Bwana akaupenda, wala hakuuliza ulikuwa unafanya nini pale. Akatuamuru tukate matawi yake, tuyachomeke mstari mzima. Leo miti yote imelingana, chai imefunika chini, na hatujui tena upi ndio wa Ouma.

"Mama, chagua mti mmoja tu," nyapara akasema. "Udongo ni udongo."

"Siku ukifuata udongo wa mwanao, utachagua mmoja," Mama akamjibu.

Jamani, nyinyi mngemwambia nini?

Mama alipiga magoti chini ya mti wa kwanza, akaita, "Ouma," akachota kidogo. Akaenda wa pili, akaita tena. Hivyo hivyo, mti kwa mti, maua yakimdondokea mgongoni.

Kibuyu kilijaa kabla hajafika nusu ya mstari.