Magoti Niliyompigia Bibi

Sisi tuliokulia Kampala baada ya vita vya themanini na sita tulijua kusalimia, jamani. Msichana akipishana na mtu mzima alipiga magoti palepale, iwe vumbini iwe topeni. Magoti yetu yalikuwa meusi kama masufuria. Tukishasalimia tulirudi kwenye kwepena, tukikwepa mpira wa majani makavu ya mgomba, mpaka mtu atumwe kabalagala, vile vikate vya ndizi mbivu vinavyotoka motoni vikichuruzika mafuta. Watoto wa leo wanakusalimia kwa kuinua nyusi, tena ukibahatika.

Baba alikuwa na duka la chumvi na sabuni Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla katikati ya mji. Kwao ni Mombasa, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili. Shuleni kilinitesa. Wenzangu walisema ni lugha ya askari, na enzi hizo hakuna aliyetaka kukumbushwa askari. Nikajifunza kunyamaza. Mwalimu akiuliza swali, natazama dawati, hata jibu nikiwa nalo.

Nilipofika miaka kumi, njia zikiwa zimetulia, Baba akasema twende nikamwone mama yake. Bibi alikuwa hajawahi kunitia machoni. Tulipanda basi la Mombasa, nami nikabandika uso dirishani tangu Jinja. Nilishangaa kuona mashamba ya chai, halafu nchi kavu isiyo na mgomba hata mmoja. Nikajiuliza watu wa huko wanakula nini.

Bibi alikuwa kizingitini na jirani zake wawili. Nikaenda mbio, nikapiga magoti yote mawili mbele yake, nikainamisha kichwa, nikijua nimefanya vizuri kabisa. Bibi akarudisha miguu nyuma.

"Inuka! Magoti tunampigia Mungu peke yake. Nani kakufunza haya?"

Jirani zake wakatazamana. Bibi akamgeukia Baba, akasema, "Huyu harudi Kampala. Atabaki hapa, aende chuo cha Kurani akafunzwe."

Nilimtazama Baba anitetee. Baba, anayebishana na wachukuzi wa Kikuubo mchana kutwa, akatazama viatu vyake. Kwao mama akisema, amesema. Siku tatu nzima nililala nikijua nimeachwa. Nilimlilia mama yangu, nikalilia hata lile dawati langu.

Siku ya nne Baba akaanza kufunga mzigo wake peke yake. Hapo nikamwendea Bibi jikoni, akikuna nazi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimemsikia siku zote zile akizungumza Kiswahili kitamu, akitania, akibembeleza wajukuu wengine, na hakukuwa na askari hata mmoja ndani yake.

Nikasema, "Bibi, kwetu mtoto akisalimia wima watu husema hana wazazi. Mimi nilitaka ujue ninao. Na mama yangu ananingoja."

Bibi akaacha kukuna. Akaniambia nimpe mkono, akanionyesha namna ya kuushika wake, kuubusu na kusema shikamoo. Akanirudisha nyuma, nikarudia mara tatu. Kisha akanivuta kifuani, mikono yake bado na machicha.

"Adabu unayo," akasema. "Nilitafuta sababu tu. Miaka yote ile ya vita nilikuwa sijui kama mko hai, nawe umekuja, unaondoka."

Akalia. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akinililia mimi. Nikarudi Kampala na Baba. Muhula ulipofunguliwa mwalimu akauliza swali, nikainua mkono. Jirani zetu niliendelea kuwapigia magoti, na Bibi nikambusu mkono kila likizo mpaka Mungu alipomchukua.

Siku hizi mama yangu ndiye anayeishi Mombasa, katika nyumba ile ya Bibi. Wanangu humwona kila Ijumaa kwenye simu. Wanampungia, wanamwonyesha paka, wanakata. Siwalaumu, ni wakati wao, na sisi tungeipata simu ile tungeing'ang'ania vilevile. Lakini likizo hii nimewakatia tiketi za basi, mwezi mzima, ingawa swali lao la kwanza lilikuwa kama intaneti ya huko ina kasi. Najua mama yangu atatafuta kila sababu ya kuwazuia wasirudi. Nataka waione sura yake siku watakapomwambia wanaondoka.