Kikapu cha Safari ya Matwebe

Jirani yangu hapa Ibighi akikaanga dagaa, huwa naacha ninachofanya, hata kama ni barua ya kuomba kazi niliyoirudia hadi maneno yamepoteza maana. Harufu ile hunirudisha kwenye banda la mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa afisa mifugo. Watu wa kwetu wakimchoka paka humtia kwenye kiroba, wakamtupa mbali asijue njia ya kurudi. Paka waliookotwa waliishia kwetu. Mmoja, jike la kijivu, alijibana nyuma ya madebe. Ukishika hata mfuko wa sukari, alitetemeka mwili mzima. Bibi mmoja wa Matwebe, aliyesumbuliwa na panya, alikubali kumchukua. Lakini angefikaje huko bila kufungiwa kwenye kitu? Na mwenye nyumba wetu alishasema: paka huyo asipoondoka, atamtia kwenye kiroba yeye mwenyewe.

Mama mdogo akaleta kikapu chenye kifuniko. Kila siku aliweka dagaa, akiwasogeza ndani kidogo kidogo. Siku paka alipoingia mwili wote, niliruka kufunga.

"We! Acha!"

"Si ameshaingia, mama?"

"Tutafunga taratibu. Na akilia, tunafungua. Kila mara."

Nilihangaika sana na hilo. Si atajifunza kulia tu? Ajabu, kadiri tulivyomfungulia, ndivyo alivyopunguza kulia.

Siku ya safari tulipanda bodaboda, kikapu mapajani mwa mama mdogo, mimi katikati yake na dereva. Kwenye mashamba ya chai, paka akalia.

"Simama," mama mdogo akasema, akashika kifuniko.

"Dokta, atachomoka huyo!" dereva akapiga kelele. "Tutamtafutia wapi kwenye chai yote hii?"

Nami nikamsihi asifungue. Akafungua.

Kichwa cha kijivu kikachomoza, masikio yakageuka huku na huku, pua ikanusa manyunyu. Halafu paka akazama ndani mwenyewe, akajikunja.

"Yaani karudi?" dereva akanong'ona.

Tulifika Matwebe akiwa amelala.

Kwa miaka mingi niliwaza ingekuwaje kama angekimbia. Siku hizi nawaza ingekuwaje kama mama mdogo asingefungua. Nilidhani tulimzoesha kikapu. Kumbe tulimzoesha kuamini kwamba akilia atasikika, na mama mdogo alijua kwamba hilo lilipaswa kuwa kweli hata pale barabarani, ambapo uongo ungekuwa rahisi zaidi kwetu sote.