Wasia wa Kabla ya Kura

Baba alikuwa mahututi, na wasia wake alikuwa kaniachia mie peke yangu: siku akifa, mdogo wake, yaani ami yangu, asiguse jeneza lake.

Msishangae. Kiuyu, kijiji chetu cha Pemba, miaka ile ya vyama vingi ndivyo kilivyokuwa. Baba chama hiki, ami chama kile, na kati ya nyumba zao mfenesi mmoja tu. Tulisusiana harusi, duka, kisima, mpaka maiti. Kwetu jeneza hupokezanwa. Huendi hatua kumi mwenzio hajakupokea. La mama lilibebwa na watu wanne, wakalitua chini mara mbili njiani wapate kuhema. Ami alikuwa barazani kwake anamenya muhogo. Wallahi, anamenya muhogo!

Ikaja kura ya maoni: tubadilishe Katiba ya Zanzibar, mshindi na mshindwa wakae serikali moja, au tuiache? Kuna watu wa Bara waliouliza, kwani Zanzibar nayo ina katiba yake? Inayo. Na kipengele kile, wanasheria walikiandika tu. Waliokileta ni vijiji kama chetu, vilivyoshindwa hata kuzikana. Nilipokisikia redioni nilichukia. Mama yangu keshaoza, ndio mnakumbuka?

Baba akang'ang'ania kwenda kupiga kura. Tukambeba na kiti mpaka skuli. Tuliporudi, pumzi zinampaa, akanishika mkono.

"Nimeweka ndiyo. Nenda kamwite mdogo wangu. Ule wasia nimeufuta."

"Kesho, baba. Jua kali."

"Leo, mwanangu."

"Kesho."

Uongo. Jua halikuwa kali, ni ule muhogo. Kesho yake nikajitia kufua. Kesho kutwa nikaenda Wete kutafuta dawa. Niliporudi, baba alikuwa keshakata kauli, hawezi tena kusema. Ananitazama tu, macho yanakwenda mlangoni yanarudi kwangu. Hapo ndipo nilipotaka kukimbia kwa ami, nikaona aibu, nikabaki. Alfajiri akafariki.

Kura ya ndiyo ilikuwa imeshinda. Watu wa vyama vyote viwili wakajaa uwanjani, wengine hawajakanyaga kwetu miaka. Ami akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mwanangu, nataka nishuke kaburini nimpokee kaka. Kaniachia neno lolote?"

"Kakuachia, ami. Kasema usiguse jeneza lake."

"Kasema lini?"

"Kabla ya kura."

"Na baada ya kura, hakusema kitu?"

Ya Rabbi, nilikuwa na nafasi. Wanawake wote wananisikiliza. Ningesema kweli, wangejua nilimnyima baba haja yake ya mwisho.

"Hakusema, ami."

Akavua kofia, akakaa barazani petu. Jeneza likatoka mbio, watu wakigombea kulipokea, halikutuliwa hata mara moja mpaka makaburini. Ndugu yake wa tumbo moja alibaki na sisi wanawake, analia kwa sauti.

Ami yu hai bado, ng'ambo ya mfenesi. Husema yeye na kaka yake wataonana akhera wakiwa wamenuniana. Kila nikiamka nasema leo nitakwenda nimwambie. Sijamwambia.