Mama Kinanda na Kompyuta ya Shemeji

Kwa miaka ishirini na miwili alipiga kinanda katika bendi ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Kinanda tu. Kinanda chenyewe kilipozeeka na vitufe vitatu vya upande wa kulia vikanyamaza kabisa, shemeji akatangaza kuwa sasa bendi itatumia kompyuta.

Mama Kinanda hakuwa na ugomvi na kompyuta. Ugomvi wake ulikuwa na shemeji, mtu ambaye hata redio aliichagua kwa kuangalia taa zake.

Dukani, muuzaji aliwaonyesha kompyuta yenye kioo kipana kama sinia.

"Hii ina sauti elfu sita," alisema.

Shemeji akatoa macho. Mama Kinanda akauliza, "Nikibonyeza hapa, inalia saa ngapi?"

"Hapo hapo, mama."

Akabonyeza. Sauti ikaja nyuma ya kidole, kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu huku mawazo yako mbali.

"Inachelewa."

"Shemeji, unasikia nini wewe?" shemeji akamuuliza. "Mimi sisikii kitu."

"Najua husikii. Ndiyo maana tukakupa kuimba."

Shemeji akainunua hiyo hiyo, pamoja na ubao wa vitufe vya kinanda uliowaka taa nyekundu na za buluu.

Mama Kinanda akarudi nyumbani na kuifufua kompyuta ya binti yake, ambayo binti aliiacha kabatini alipomaliza chuo. Akafuta picha na michezo, akaikatia mtandao, akabakiza programu moja na sauti nne: piano, ogani, nyuzi na tarumbeta. Hata hizo nne aliona moja imezidi. Kisha akaiweka dirishani penye jua, kwa sababu taa za jukwaani huchoma, akaiacha ipige wimbo mmoja tena na tena huku yeye akifua. Akafua, akaanika, akaanua. Haikukwama hata mara moja.

Bendi ilialikwa kumuaga mhasibu mkuu wa kiwanda cha sabuni, saa nane mchana, ukumbi umejaa. Shemeji akang'ang'ania ule ubao wa vitufe uunganishwe kwenye kompyuta yake. Wimbo wa pili ulikuwa katikati sauti ilipokatika. Kioo kiliandika: mfumo unasasishwa, tafadhali usizime.

Shemeji akakipiga kofi. "Asilimia tatu," alisoma. Baadaye kidogo, "Asilimia nne." Maikrofoni ilikuwa wazi, ukumbi mzima ukawa unahesabu naye.

Mama Kinanda alichomoa waya, akatoa kompyuta ya bintiye mkobani, akachomeka. Wapiga ngoma walipomwona ametulia, wakaanza upya. Mhasibu akacheza na mkewe mpaka jasho likamtoka.

Walipokuwa wakifungasha, Mama Kinanda alimsikia shemeji akimwambia mkurugenzi wa kiwanda, "Mimi huwa napanga ya akiba. Ndiyo uongozi."

Alimtazama tu kama mtu anavyotazama nguo iliyochuja mara ya kwanza kufuliwa. Wiki iliyofuata akahamia bendi ya wauguzi. Dada yake akampigia simu.

"Shemeji yako amenuna, rudi."

"Mpe pole," akasema.

Wauguzi hufanya mazoezi Jumamosi asubuhi katika stoo ya zahanati, katikati ya maboksi ya glavu. Hawapigi vizuri sana, lakini wakikosea huambiana.