Sweta Tatu za Atomu

Zamani, asubuhi zile za baridi hapa Sosiot, Mwalimu Koech alitufundisha atomu kwa sweta. Kila sweta ilikuwa elektroni. Akiongeza moja, anapanuka; akivua, anapungua, mpaka anabaki mwembamba kama mche wa chai. Kwa ajili yake nikawa mwalimu wa kemia.

Wiki jana nilimwalika, mzee mstaafu sasa, aje darasani kwangu aone nimemrithi. Nikavua sweta zangu kwa maringo. Ya tatu ikakwama kichwani, ikapanda pamoja na shati, tumbo lote likabaki nje.

Nikiwa gizani humo ndani, nikasikia sauti ileile ya zamani ikiuliza darasa:

“Elektroni zimeisha. Mbona atomu hii haijapungua?”