Suruali Iliyofika Nyumbani Kabla Yangu

Aibu hii nimeibeba kwa muda wa kutosha, na kwa kuwa mke wangu huisimulia kila tunapopata wageni (tena huongeza chumvi mahali pasipohitaji), nimeona afadhali niieleze mwenyewe, kwa utaratibu, nikianza na hali ilivyokuwa kabla ya jambo lolote kutokea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja hapa Kampala. Kwetu ni Kenya, lakini mke wangu ni Muganda, na tangu tulipojaliwa mapacha, Babirye na Nakato, majirani zetu wa Kamwokya wameliacha kabisa jina langu wakaniita Salongo, yaani baba wa mapacha, kama yeye anavyoitwa Nalongo. Mapacha hao walikuwa na miaka saba siku waliponinyang'anya miwani wakakimbia nayo. Niliwafukuza kuizunguka nyumba mara mbili. Mara ya tatu nikaketi chini, nao wakarudi wenyewe kunivisha miwani kwa huruma. Nilipomsimulia jambo hilo Opio, mwenzangu anayefundisha michezo, aliniandikisha papo hapo katika mashindano madogo ambayo mtu huogelea, kisha huendesha baiskeli, kisha hukimbia, bila kupumzika katikati.

"Ni kidogo tu, Prof," aliniambia. (Mimi si profesa, wala haikuwa kidogo.)

Muda wa mazoezi niliuokota mabaki kwa mabaki. Nilikimbia alfajiri kabla ya kuwapikia mapacha uji, nikaendesha baiskeli kwenda chuoni na furushi la insha mgongoni, nikajifunza kuvuta pumzi ndani ya maji kwa kutumbukiza uso kwenye karai la kuogea, huku Nakato akihesabu kwa sauti na kuruka namba kila alipochoka. Nilichora jedwali kwa rula nikalibandika jikoni. Jumamosi, mazoezi yote matatu kwa mfululizo. Na kila Jumamosi, nikimaliza, miguu yangu ilitetemeka kwa muda wa saa nzima kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Opio alisema ni kawaida.

Hiyo ilikuwa hali ya kwanza. Ya pili ilimhusu mama mkwe.

Kwa Waganda, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawapishani uso kwa uso mlangoni. Wakiwa na neno hulisema kwa mbali, au pawe na ukuta kati yao. Heshima hiyo huitwa obuko, na obuko ndilo pia jina la ugonjwa unaosemekana kumpata anayeivunja. Dalili ya ugonjwa huo ni moja: mtu hutetemeka.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya umbali, mama mkwe hakuwa amewahi kukanyaga nyumbani kwetu. Mapacha walikuwa wameuliza kwa miaka kwa nini Jjajja, ndivyo wanavyomwita bibi yao, haji. Hatimaye alikubali: angekuja Jumamosi, saa saba mchana, awapikie wajukuu chakula kwa mikono yake.

"Salongo," mke wangu aliniambia usiku wa kuamkia siku hiyo, "mama akiondoka vibaya, hatarudi. Namjua."

Nilimwahidi kwamba nitakuwa nimeoga na kuvaa kanzu kufikia saa sita. Ningeweza, bila shaka, kuahirisha mazoezi. Lakini mashindano yalikuwa wiki moja mbele, na jedwali lilikuwa limechorwa kwa rula.

Asubuhi, Nalongo alinishusha Kabalagala, kwenye bwawa la hoteli moja, tukaiteremsha baiskeli. Chini ya suruali nilikuwa nimevaa vazi la mashindano nililoazimwa na Opio: kipande kimoja cha buluu kilichoanzia shingoni na kuishia katikati ya paja, kilichoshonwa kwa ajili ya Opio, ambaye ni mtu mwembamba. (Mimi si mwembamba. Vazi lile halikuficha kitu. Lilikipaka rangi tu.) Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulionifikisha nilikofika. Mkoba wenye suruali, shati na simu ungenilemea kwenye baiskeli. Nami nitafika nyumbani saa tano, mgeni anakuja saa saba. Nikaurudisha mkoba garini.

"Una hakika?" Nalongo aliuliza.

"Nimepiga hesabu," nikamjibu.

Niliogelea vizuri, niliendesha baiskeli hadi Kamwokya vizuri zaidi, nikaiacha kwa fundi wa baiskeli, kisha nikaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwa kupitia sokoni, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Muuza nyanya mmoja, mama ambaye huniuzia kila wiki, alisimama kabisa.

"Salongo! Nani amekuibia nguo?"

"Hapana, ni mazoezi!"

"Mwacheni," akawaambia wenzake, "ni mwalimu. Kusoma sana iko na mwisho yake."

Nilicheka, nikampungia mkono, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado mtu mwenye furaha. Nilifika kwenye lango letu saa tano kasoro dakika kumi. Nikatupa jicho mlangoni pa mbele, nikaviona viatu vyeupe vya mwanamke, vimepangwa vizuri, ncha zikielekea nje.

Mama mkwe alikuwa ameamka kabla ya jogoo na kufika saa nne.

Nieleweni nilivyowaza, kwa maana niliwaza sawasawa. Viatu viko mlango wa mbele, basi mgeni yuko sebuleni. Siwezi kupita mbele yake hata nikiwa na koti. Sembuse na hiki nilichokuwa nacho. Nitazunguka nyuma, nitaruka ukuta mfupi, nitaingia kwa mlango wa jikoni, nitapita hadi chumbani bila kuonekana.

Nalongo naye alikuwa amewaza sawasawa. Alijua kwamba nitaingia kwa mlango wa mbele kama mwenye nyumba. Basi, ili nisikutane na mama yake, alimtandikia mkeka nyuma, kwenye baraza ya jikoni, mahali ambapo kwa akili ya kawaida mimi nisingepita. Suruali yangu alikuwa ameitundika nyuma ya mlango wa mbele, ili niivae mara tu niingiapo.

Nikauruka ukuta.

Nilitua kwa miguu yote miwili, hatua tatu kutoka kwenye mkeka. Mama mkwe alikuwa ameketi na kisu mkononi, akimenya matoke, na kati yetu hapakuwa na kitu isipokuwa rundo la maganda. Alinitazama. Nilimtazama. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa cha bega, nami nikanyakua jani la mgomba kutoka katika yale aliyoyaandaa kufunikia chungu, nikajifunika nalo. Na jani la mgomba, kama ajuavyo kila aliyewahi kulishika kwa pupa, huchanika vipande vipande.

Na hapo miguu ikaanza.

Sikuweza kuizuia. Magoti yaligongana, jani likapepea. Mama mkwe alichungulia kidogo kando ya kitambaa, akaona, akapiga ukelele.

"Banange! Nalongo! Kuja! Obuko imemshika mume yako!"

(Marehemu mumewe alikuwa askari, naye aliishi kambini miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko, na sauti pia.)

"Mama, si obuko," nilisema, nikiwa nimeugeukia ukuta, jambo ambalo kwa vazi lile halikusaidia sana. "Ni misuli tu. Nimetoka mazoezini."

"Misuli gani? Mimi nimekaa kambi. Nimeona askari wanakimbia na bunduki mpaka jua inatoka, hakuna hata moja ilitetemeka kama wewe!"

Jirani yetu, mke wa polisi, akachomoza kichwa juu ya ukuta. "Salongo, niite bwana yangu?"

"Asante, hapana."

"Hiyo nguo ni ya nani?"

Nalongo alitokea jikoni. Alinifunika shuka la mapacha lililokuwa kwenye kamba, bado limelowa, akanisukuma ndani, akafunga mlango. Nilibaki nimeegemea ubao, nikisikiliza. Upande wa pili nikasikia kisu kikiwekwa chini.

"Anafunga kifurushi chake," Nalongo aliniambia kupitia dirisha la jikoni, na macho yake yalikuwa yameanza kulowa. "Anasema amekuletea ugonjwa. Anasema hafai kuja hapa tena."

Kumbe hakukasirika. Alijilaumu. Hilo liliniuma kuliko aibu yote ya sokoni. Basi, nikiwa nyuma ya mlango, nilianza kumwomba radhi, na kwa kuwa mtu akibanwa hukimbilia anachokijua, nilimwomba radhi kwa hotuba: nikaeleza chanzo, nikafafanua mazingira, nikatofautisha uchovu na maradhi.

"Mwalimu anasema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Anasema samahani," akajibu Babirye. Mapacha walikuwa wamefika kwa kelele, mikono imejaa vumbi. "Jjajja, usiende. Baba hutetemeka hivyo kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi?"

"Ndiyo. Jumamosi ile alimwaga chai kwenye vitabu vyake," akasema Nakato. "Na ile nyingine alishindwa kupanda ngazi, tukamsukuma."

Kisha: "Kwani anafanya nini?"

"Anaogelea, halafu anapanda baiskeli, halafu anakimbia."

"Nani anamfukuza?"

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipooa: mama mkwe alikuwa akicheka, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, mpaka mke wa polisi naye akaangua kicheko upande wake wa ukuta.

Kisu kilirudi kwenye matoke. Tulikula mchana huo kwa adabu kamili, yeye baraza ya nyuma na mimi sebuleni, ukuta kati yetu, nami nikiwa na suruali, kanzu na, kwa tahadhari, koti. Alipokuwa akiondoka alimwambia Nalongo kwamba jambo lile lazima lisafishwe kwa desturi: aliyeonekana hupelekewa kitambaa cha kujisitiri na yule aliyemwona. "Na mimi nimeona," alisema. "Nimeona yote."

Siku tatu baadaye kilifika kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kaptula ya kaki, iliyoshonwa na fundi wa kijijini kwao, pana, nzito, inayofika chini ya magoti.

Tangu siku ile sijatoka nyumbani bila suruali ya akiba, na kila nitakapoona viatu mlangoni nitapiga hodi na kungoja nje, hata mvua ikinyesha. Jedwali nimelibandua.

Kwenye mashindano niliivaa kaptula ya mama mkwe juu ya vazi la Opio. Ndani ya bwawa ilijaa maji, nikatoka wa mwisho. Kwenye baiskeli nilimpita mtu mmoja, ambaye baadaye akanipita. Mama mkwe alikuja pamoja na Nalongo, akaweka kiti chake kando ya barabara, akakaa ameipa barabara mgongo, wajukuu wakisimama mbele yake.

"Amefika wapi?" alikuwa akiwauliza.

"Anakuja, Jjajja."

"Anatetemeka?"

"Sana."

Katika kukimbia nilimpita mmoja, nikamaliza wa pili kutoka mwisho. Alipiga makofi bila kugeuka.