Ngozi ya Mbwa

Mwanangu, mpaka leo naikumbuka harusi moja pale Sofu, enzi za Mwingereza, nikiwa kijana mpiga ngoma ninayeitwa kila penye shughuli. Ngoma ilipokolea akasimama Kondo, mpiga ngoma mwenzangu wa Kongowe, akapaza sauti: "Huyu Salumu kupiga hajui. Na ngoma zake kaziwamba kwa ngozi ya mbwa!"

Wachezaji wakarudi nyuma kama waliokanyaga moto. Waislamu sisi, nani anataka najisi harusini kwake? Walioniita kwenye shughuli zao wakaanza kughairi mmoja mmoja. Nikashika rungu nimfuate Kondo, mama akaninyang'anya.

"Ukimpiga, watu watasema ni kweli ilikuwa mbwa. Nenda Kisarawe, barazani kwa hakimu, ukamshitaki."

Nikaenda, na Kondo akaitwa. Hakimu alikuwa mzee mpole, mwepesi wa kucheka. Mimi, kwa ujana, kilichoniuma zaidi ni kuambiwa sijui kupiga. Nikalisema hilo weee, mpaka akanikatiza.

"Mjukuu wangu, hayo ni masikio yake. Hukumpendeza, kasema. Sheria haimlazimishi mtu akusifu. Lakini ngozi ni kitu cha kuonekana kwa macho. Kondo, uliiona?"

Aliyeniuzia zile ngozi alikuwa keshashuhudia kuwa ni za mbuzi. Kondo akajikuna kichwa. "Sikuiona, mzee. Iliniuma tu, kila harusi anaitwa yeye."

"Basi hiyo ndiyo kashfa. Umemzulia mwenzio uongo, ukamtilia mchanga kitumbua chake. Utaukanusha mbele ya watu, harusini, kwa sauti ile ile."

Harusi iliyofuata ilikuwa Kongowe. Kondo akasimama. "Jamani, ngoma za Salumu ni ngozi ya mbuzi. Nilisema uongo, anisamehe." Akanigeukia. "Lakini kupiga bado hajui!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, mimi wa kwanza. Nikamsukumia ngoma moja. "Njoo basi unifundishe!" Tukapiga pamoja, vumbi likatimka, hata bibi harusi alishindwa kukaa kitini.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akisema kazi yako haimpendezi, mwache. Huenda ana la kukufundisha. Akikuzulia, usinyanyue mkono, mpeleke kwa wenye kuamua. Nawe kabla hujakisema vibaya cha mwenzio, jiulize: nimekiona, au ni wivu tu? Mungu akujalie kauli njema, na kila uendako watu wakunjue nyuso wakisikia hodi yako.